Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels aliyepanua maana ya injini ya orijini

Katika mbio za dragi kule Marekani, magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani ikiwaka yanakimbia mstari mnyoofu wa robo maili, yaani mita 402, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Mbio zenyewe zinaisha katika sekunde chache. Ugomvi ndio hauishi. Tangu miaka ya 1950 kuna daraja la magari linaloitwa Stock, maana yake magari yanayokimbia na injini kama ilivyotoka kiwandani, ile ambayo mafundi wetu wa Bukavu na Goma wangeiita motere ya orijini. Kwa masikio ya mtu wa kawaida jambo hili halina utata: kama hukuigusa, ni ya orijini, kama umeigusa, si ya orijini. Lakini kwa wapenzi wa mbio hizo ni moja kati ya maswali magumu kabisa, na sehemu kubwa ya ugumu huo inatokana na kazi ya mtu mmoja ambaye hakuwa hata Mmarekani kwa kuzaliwa.

Mtu huyo ni Zora Arkus-Duntov. Wengi wanamkumbuka kama baba wa Corvette, gari la michezo la kampuni ya Chevrolet, ingawa si yeye aliyelianzisha. Jambo lingine alilolifanya linatajwa mara chache zaidi, nalo lilizaa matunda mengi zaidi: alifundisha kiwanda kuuza vipande vya mbio dirishani, vikiwa na namba ya katalogi, ili kijana anayevifunga asiambiwe tena kwamba amedanganya.

Alizaliwa Brussels tarehe 25 desemba 1909, siku ya Noeli. Kwetu sisi siku hizo si ngeni. Mfalme Leopold wa Pili alikuwa amefariki tarehe 17 ya mwezi huohuo, na Albert wa Kwanza alikula kiapo tarehe 23. Kongo ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali ya Ubelgiji mwaka mmoja tu kabla yake. Mtoto huyo lakini hakuwa Mbelgiji wa damu. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Urusi: baba, Jacques Arkus, alikuwa mhandisi wa madini, na mama, Rachel Kogan, alikuwa akisomea udaktari. Baada ya miaka michache familia ilirudi Urusi, na huko kijana alikulia katikati ya vita, mapinduzi na njaa. Wazazi waliachana. Mama akaishi na mhandisi mwingine, Josef Duntov, na jambo la ajabu ni kwamba baba mzazi naye aliendelea kukaa katika nyumba hiyohiyo. Zora na mdogo wake Yura wakaamua kubeba majina ya wanaume wote wawili. Ndiyo maana jina ni refu vile.

Alipokuwa mdogo ndoto yake ilikuwa kuendesha tramu. Mwaka 1927 familia ilihamia Berlin, Ujerumani, na tramu zikasahaulika. Alinunua pikipiki ya sentimita za ujazo 350 akawa anaipeleka mbio barabarani na kwenye uwanja, mpaka wazazi wakaogopa wakamlazimisha aibadilishe kwa gari. Wazazi walidhani wamemwokoa. Gari alilolichagua, Bob, lilikuwa la mbio, halina breki za mbele, na za nyuma zilikuwa dhaifu. Mwaka 1934 alimaliza masomo ya uhandisi katika chuo cha Charlottenburg.

Kwa Myahudi kukaa Ujerumani wakati ule kulikuwa hatari. Mwaka 1939 yuko Paris, amemwoa Elfi Wolff, Mjerumani mcheza densi wa Folies Bergère. Vita ilipoanza, Zora na Yura waliingia katika jeshi la anga la Ufaransa. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, Zora alipata vibali vya kutoka kwa ubalozi mdogo wa Hispania ulioko Marseille, kwa ajili yake, mkewe, mdogo wake na wazazi. Lakini Elfi alikuwa bado karibu na Paris. Alikimbia peke yake akiendesha kigari cha MG kuelekea Bordeaux, majeshi ya Hitler yakiwa nyuma yake, huku Zora na Yura wamejificha katika danguro. Walikutana tena siku kadhaa baadaye, wakavuka mpaka, wakapanda meli Ureno kwenda New York. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa maana ya kufunga virago usiku na kutojua kama mke yuko hai.

New York ndugu hao wawili walifungua karakana Manhattan. Wakati wa vita walitengeneza vipande vya silaha na biashara ikanenepa hadi kuwa na wafanyakazi 300. Kampuni iliitwa Ardun, herufi za mwanzo za Arkus na za Duntov zikiunganishwa. Na hapa ndipo habari yetu ya injini inapoanza.

Wakati ule Ford V8 ndiyo ilikuwa injini ya vijana wa Marekani. Ilitoka mwaka 1932, ilikuwa bei nafuu, na baada ya vita zilijaa katika makaburi ya magari. Kijana wa California alikuwa anatoa gari bovu la Ford, anaondoa mabati yasiyo ya lazima, anachokonoa injini na kwenda kushindana jangwani kwenye udongo mkavu. Lakini injini hiyo ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Vali zake zilikaa pembeni mwa silinda, ndani ya bloku, na moshi wa moto ulipaswa kupita katikati ya bloku kabla ya kutoka nje. Kwa hiyo ilichemka. Malori ya Ford yaliyobeba mizigo mizito yalichemka zaidi.

Dawa ya Duntov ilikuwa kulasi mpya ya aluminiamu, yenye vali juu ya silinda na chumba cha kuchomea chenye umbo la nusu tufe. Hewa iliingia vizuri, moshi ulitoka haraka, joto likapungua, nguvu ikapanda sana. Aliifikiria kwa ajili ya malori. Walioipenda ni vijana wa mbio. Biashara yenyewe ilikufa muda si mrefu kwa maamuzi mabaya ya fedha, lakini kulasi za Ardun hadi leo zinatafutwa kama dhahabu.

Sasa jiulize, msomaji: Ford yenye kulasi ya Ardun, je, ni ya orijini? Bloku ni ya Ford. Pistoni ni za Ford. Gari ni la Ford. Hakuna mkaguzi wa mbio ambaye angekubali, na kwa haki kabisa. Kipande kimetoka karakana ya Manhattan, si kiwanda cha Ford. Duntov alikiona jambo hili kwa macho ya muuzaji: kipande kizuri namna gani, kama hakina jina la kiwanda, kinabaki nje ya mlango. Ni fikra yangu kwamba somo hilo hakulisahau.

Alijaribu pia mara mbili, 1946 na 1947, kuingia mashindano ya Indianapolis akashindwa kufuzu. Akaenda Uingereza kufanya kazi kwa Sydney Allard, mtengenezaji wa magari ya michezo, na kuendesha magari yake huko Le Mans, Ufaransa, mwaka 1952 na 1953. Kisha januari 1953 aliingia katika maonyesho ya General Motors kwenye hoteli ya Waldorf Astoria, New York, akaliona gari jeupe la viti viwili linaloitwa Corvette.

Kwa sura lilimvutia. Kwa mashine lilimhuzunisha. Injini ilikuwa ya silinda sita yenye nguvu za farasi 150, na giaboksi ya otomatiki ya vitesi viwili tu. Aliandika barua kwa mkuu wa wahandisi wa Chevrolet, Ed Cole, akalisifu gari na kujitolea kulifanyia kazi. Tarehe 1 mei 1953 aliajiriwa, kwa cheo kisicho kikubwa. Wakubwa wake walimtaka mtu wa kukaa mezani. Walipata mtu ambaye mwaka 1954 na tena 1955 aliomba ruhusa kwenda Le Mans kuendesha Porsche, na mara zote mbili akashinda katika daraja la injini ndogo. Mwaka ule wa 1955 ndio ule wa ajali iliyoua watazamaji zaidi ya 80. Alikuwa uwanjani siku hiyo.

Lakini hati iliyobadilisha mambo aliiandika ofisini, desemba 1953, miezi saba baada ya kuingia. Ilikuwa barua ya ndani kwa wakubwa wake, juu ya vijana, wachokonoaji wa magari na Chevrolet. Hoja yake ilikuwa rahisi. Alifungua magazeti ya vijana wa mbio akaona kila ukurasa ni Ford. Vijana hao wanakua, wanapata mishahara, na wakinunua gari jipya wananunua Ford, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea mikononi. Chevrolet ilikuwa karibu kutoa V8 yake mpya, lakini injini nzuri peke yake haitoshi, sababu vijana wamekwisha kukusanya maarifa ya miaka mingi juu ya Ford na maduka yamejaa vipande vya Ford. Njia ya kuwavuta, alishauri, ni kiwanda chenyewe kutengeneza vipande vya kuongeza nguvu, vilivyopimwa na wahandisi, na kuviuza kwa kila mtu: kamshafti, vali, springi, manifoldi, pistoni na vinginevyo.

Ukiisoma barua hiyo haraka utadhani ni shauri la biashara tu. Ndani yake kuna jambo jingine. Kipande cha mbio kikitengenezwa na Chevrolet, kikapewa namba ya Chevrolet na kuuzwa dirishani kwa mfanyabiashara wa Chevrolet, basi kwa sheria za mbio kimekuwa cha Chevrolet. Kilichokuwa udanganyifu jana kinakuwa orijini leo, na hakuna chuma kilichobadilika. Kilichobadilika ni ukurasa wa katalogi.

Kipande cha kwanza kilichobeba jina lake ni kamshafti. Kwa asiyejua, kamshafti ni fimbo ya chuma yenye matuta, na kila tuta linasukuma vali ili hewa na esansi viingie au moshi utoke. Tuta likiwa refu, vali inafunguka sana. Tuta likiwa pana, vali inakaa wazi kwa muda mrefu. Fikra iliyokuwapo Chevrolet ilikuwa kuongeza urefu. Duntov alikwenda njia nyingine: hakutafuta urefu mwingi, alitafuta upana, ili vali ifunguke bila kurushwa kwa nguvu na isivunjike injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Kumbukeni jambo hili la urefu na upana, litarudi.

Injini mpya ya Chevrolet, V8 ya inchi za ujazo 265, ilitoka kwa mwaka wa 1955. Septemba 1955 Duntov alipanda mlima wa Pikes Peak, Colorado, akiendesha Chevrolet ya modeli ya 1956 iliyofichwa sura yake. Ni barabara ya vumbi na kona, ikiishia mawinguni. Alitumia dakika 17 na sekunde 24, akavunja rekodi ya magari ya kawaida iliyokuwa imekaa tangu 1934, kwa zaidi ya dakika mbili. Kipupwe kilichofuata alikwenda ufukweni Daytona, Florida, na Corvette yenye kamshafti yake, akapita maili 150 kwa saa, karibu kilomita 242.

Kamshafti ikaingia katika orodha ya mauzo ya Corvette ya 1956. Ilikuwa na namba 449, bei chini ya dola 190, na kiwanda kilionya kwamba ni kwa mbio tu. Magari 111 ndiyo yaliyouzwa nayo, kati ya Corvette 3,467 za mwaka huo. Ni kidogo. Lakini sheria haiulizi kama ni nyingi, inauliza kama imeuzwa.

Wakati huohuo mbio za dragi zilikuwa zinapata mwenyewe. Shirika la NHRA lilianzishwa 1951 na Wally Parks, mhariri wa gazeti la magari, kwa lengo la kuwatoa vijana barabarani ambako walikuwa wanauana, na kuwapa uwanja wenye sheria. Mashindano makuu ya kwanza yalifanyika Great Bend, Kansas, mwaka 1955. Na ili kijana mwenye gari la familia asishindane na mtu aliyejenga mnyama garajini, waliweka madaraja. Kwa magari ya Stock kipimo ni hiki: chukua uzito wa gari, ugawanye kwa nguvu za farasi ambazo kiwanda chenyewe kimetangaza. Jibu linakupa herufi yako, na unapambana na wa herufi yako.

Ona jinsi mpango huo ulivyokuwa wa haki, na ona tundu lake. Haki ni kwamba gari zito lenye injini ndogo lina nafasi sawa na Corvette. Tundu ni kwamba namba ya chini ya mgawanyo inaandikwa na kiwanda. Kiwanda kikisema farasi 300 kumbe ni 380, mteja wake anaingia katika herufi ya wanyonge na kuwala wote. Kwa hiyo jambo la ajabu likatokea katika nchi ya matangazo: kampuni zikaanza kuficha nguvu za injini zao. Mwaka 1968 Ford ilitoa injini ya Cobra Jet ya inchi 428 na kuiandikia farasi 335. Hakuna aliyeamini. Mwishowe NHRA iliacha kusadiki karatasi za viwanda ikaanza kuziandikia injini nguvu zake yenyewe, ikizirekebisha kila inapoona gari fulani linashinda kupita kiasi. Mpaka leo iko hivyo.

Duntov naye alishiriki mchezo huo, tusimfanye mtakatifu. Mwaka 1957, akiwa pamoja na mhandisi John Dolza, alikamilisha mfumo wa kuingiza esansi bila kabureta, na injini ya inchi 283 ikatangazwa kuwa na farasi 283, farasi mmoja kwa kila inchi. Kazi hiyo aliifanya kwa sehemu akiwa amevaa plasta mwilini, maana mwaka 1956 alianguka na gari la majaribio akavunjika mfupa wa mgongo. Namba hiyo ya 283 ilitangazwa kwa tarumbeta, ingawa Chrysler ilikuwa imefika huko mwaka mmoja mbele. Lakini juni 1957 kampuni za magari za Marekani zilikubaliana kujitoa katika mbio. Gari lake la mbio, Corvette SS, lilikuwa limekimbia mara moja tu, huko Sebring, likatoka baada ya mizunguko 23. Mradi ukafungwa.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi kwenye katalogi. Kama kiwanda hakiruhusiwi kukimbia, hakuna aliyekikataza kuuza. Breki kubwa, springi ngumu, tangi kubwa la esansi, vyote viliingia katika orodha kwa namba kavu zisizosema kitu kwa asiyejua. Mwaka 1963 fungu moja la namna hiyo, Z06, liliuzwa kwa wateja 199. Mwaka uleule alijaribu kuunda Corvette nyepesi iitwayo Grand Sport, akipanga kutengeneza 125 ili ikubalike kama gari la mauzo. Wakubwa waligundua wakazuia. Zilitoka tano. Tano si gari la mauzo kwa sheria yoyote ile, na zikalazimika kupambana na magari ya mbio halisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni L88 ya mwaka 1967. Injini ya inchi 427, mgandamizo wa 12.5 kwa 1, ikihitaji esansi ya hali ya juu ambayo haikuwa rahisi kuipata mjini. Gari lenyewe lilitolewa bila redio na bila kipasha joto, ili mtu wa kawaida asivutiwe. Na nguvu? Iliandikwa farasi 430, wakati ndugu yake wa bei nafuu katika orodha hiyohiyo aliandikiwa 435. Mteja asiyejua angechukua ya 435 na kurudi nyumbani akiwa na furaha. Aliyejua alilipa karibu dola 950 za ziada akapata zaidi ya farasi 500. Mwaka huo ziliuzwa 20.

Je, hiyo ni injini ya orijini? Kwa sheria, ndiyo, mia kwa mia. Imetoka kiwandani ikiwa imefungwa, ina namba, ina bei. Lakini kama orijini maana yake ni gari ambalo kijana wa kawaida angelinunua kwa mshahara wake na kulipeleka uwanjani jumapili, basi jibu ni hapana, na wengi walilalamika hivyo. Nadhani walalamikaji walikuwa na haki zaidi kuliko walivyosikilizwa.

Mashirika ya mbio yalijaribu kuziba tundu hilo kwa kudai idadi: gari lisilotengenezwa kiasi fulani halikubaliki. Viwanda navyo vikaanza kutengeneza idadi hiyo kamili. Mwaka 1969 mfanyabiashara wa Chevrolet katika mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aitwaye Fred Gibb, aliagiza Camaro 50 zenye injini ya ZL1, ambayo ni 427 ya aluminiamu iliyozaliwa katika ukoo wa L88. Hamsini ndiyo idadi iliyotakiwa na NHRA. Aliyeipitisha kiwandani ni Vince Piggins, si Duntov, ila njia ilikuwa ileile iliyofunguliwa na barua ya 1953. Magari yalipofika kila moja lilikuwa limezidi dola 7,200, bei ambayo haikutarajiwa, na mengi yalibaki bila mnunuzi mpaka kiwanda kikayachukua tena kuyagawa kwingine. Jumla zilitengenezwa 69. Leo kila moja ni mali ya matajiri.

Turudi kwenye urefu na upana wa tuta. Katika mbio za Stock mshindi hasherehekei kwanza. Wakaguzi wanaweza kufungua injini yake, wakapima kipenyo cha silinda, ujazo wa chumba cha kuchomea, namba zilizoandikwa kwenye chuma cha bloku na kulasi, aina ya kabureta. Na kamshafti. Kwa miaka mingi wajanja walikuwa wakichonga kamshafti yenye tuta la urefu wa kiwanda kamili lakini pana kuliko la kiwanda. Urefu unapimwa kwa urahisi. Upana ulikuwa taabu kuuthibitisha pale uwanjani. Mwishowe sheria ilikubali yaliyoshindikana: urefu lazima uwe wa kiwanda, upana ni juu yako. Kwa hiyo leo injini ya Stock inaweza kuwa na kamshafti ambayo kiwanda hakikuiona kamwe, na bado ni halali. Ni ile njia ya Duntov, upana kabla ya urefu, ingawa yeye aliifuata kwa sababu ya vali wala si kwa sababu ya wakaguzi.

Pia mabomba ya moshi yanaruhusiwa kubadilishwa, silinda zinaruhusiwa kupanuliwa kidogo kama fundi anayefufua injini iliyochakaa, na kila kipande kinaweza kusawazishwa kwa mizani mpaka kilingane na mwenzake. Gari la umri wa miaka 50 linainua magurudumu ya mbele juu linapoondoka. Mgeni akiambiwa hiyo ndiyo injini ya kiwanda anacheka. Wenyewe hawacheki, wanaweza kubishana usiku kucha juu ya namba moja ya kulasi. Kwao orijini haimaanishi tena isiyoguswa. Inamaanisha inayokubaliana na karatasi.

Kamshafti nyingine ya Duntov, iliyotoka 1964, mafundi waliiita 30-30 kwa sababu ya nafasi ya vali zake, inchi 0.030 pande zote mbili. Ndiyo iliyofungwa baadaye katika Camaro Z/28 ya kwanza. Kijana ambaye hakuwa na uwezo wa L88 aliweza kuinunua peke yake dirishani, kuipeleka nyumbani ndani ya boksi na kuifunga usiku chini ya taa ya garaji. Kwa upande huo ahadi ya barua ya 1953 ilitimia.

Kazini hakuwa mtu rahisi. Aligombana waziwazi na Bill Mitchell, mkuu wa uchoraji wa General Motors, juu ya kioo cha nyuma cha Corvette ya 1963 kilichogawanywa katikati: Duntov alisema dereva haoni nyuma. Kioo hicho kiliondolewa mwaka uliofuata, na siku hizi hizo za kioo kilichogawanyika ndizo zenye bei kubwa, jambo ambalo halina haki yoyote. Alivuta sigara nyingi, nywele zake zikawa nyeupe kabisa, na lafudhi yake nzito haikumtoka.

Ugomvi wake mrefu kuliko wote ulihusu mahali pa kuweka injini. Alitaka Corvette iwe na injini katikati, nyuma ya dereva. Tangu 1960 alijenga magari ya majaribio ya namna hiyo, moja baada ya jingine, na kila mara wakuu walikataa: Corvette inauzwa vizuri ilivyo, kwa nini tutumie mamilioni? Alistaafu mwanzoni mwa 1975 bila kushinda, akamwachia kiti Dave McLellan.

Alifariki tarehe 21 aprili 1996, akiwa na miaka 86, na majivu yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Corvette huko Bowling Green, Kentucky, mji uleule ambamo gari hilo linatengenezwa. Julai 2019 Chevrolet ilionyesha Corvette ya kizazi cha nane. Injini iko katikati, nyuma ya dereva, na ndivyo inavyotoka kiwandani kwa kila mnunuzi.